Bwana Chujio na Ukurasa wa Kumi na Saba

Jina lake la kuzaliwa walikuwa wamebaki wachache wa kulikumbuka. Chuoni, mtaani, hata kwenye daftari la zahanati, alikuwa Bwana Chujio. Lilianza kama utani wa wanafunzi. Alilikasirikia wiki mbili, akalizoea, na mwisho akalipenda kuliko lile alilopewa na baba yake.

Alikuwa fundi wa maabara ya fizikia kwa miaka thelathini na mmoja. Fundi, si profesa, na jambo hilo aliwakumbusha watu hata kama hawakuuliza. Maprofesa waliingia na maswali makubwa makubwa, yeye akaja nyuma yao akijua ni waya gani umelegea. Tatizo la maabara ile lilikuwa pampu ya maji ya jengo, iliyowekwa chumba cha pili na mtu ambaye hakumwuliza fundi. Kila ilipowaka, umeme ulishtuka, na mashine ya kupimia nayo ikashtuka, ikatoa namba ya kichaa. Unapima maji ya vuguvugu, mara mashine inakwambia yana joto la kuyeyusha chuma. Wanafunzi walikaa na kalamu nyekundu, ukurasa baada ya ukurasa, wakizikata namba za uongo moja moja.

Kazi hiyo ilimchosha kuitazama. Ndipo alipojifunza kuandika programu, peke yake, kwa kitabu kilichokosa jalada, na baada ya miezi minane akaitoa Chujio. Haikuwa na picha wala rangi. Ilikuwa skrini nyeusi na mstari mmoja unaouandika mwenyewe: jina la programu, jina la faili lenye vipimo, unabonyeza, unasubiri. Chujio ilivitazama vipimo vyote kwa pamoja. Ikikuta kimoja kimeruka mbali na wenzake ilikitupa, kisha ikatoa wastani wa vilivyobaki. Kazi ya siku mbili ikawa ya muda wa kupiga chafya.

Enzi hizo programu zilisafiri kwa diski, mkono kwa mkono, na Bwana Chujio aliiachia yake isafiri. Utaratibu ulikuwa wa kiungwana: jaribu bure, nakili, mpe na mwenzako, ikikufaa, mwandikie mtengenezaji pamoja na senti kidogo za karatasi na stempu, naye atakutumia kitabu cha maelezo. Kila Chujio ilipomaliza hesabu iliandika chini ya jibu: *Hii ni ya kujaribu bure. Ikikufaa, niandikie, nikutumie kitabu.* 

Kitabu chenyewe kilikuwa na kurasa arobaini. Yeye alikiandika, mkewe akakibana pini kwenye meza ya kulia chakula, ulimi nje kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika. Mke huyo alikuwa mtu wa mpango. Barua ikijibiwa, aliigeuza nyuma akaandika kwa penseli ya kijani, "Kimetumwa", na tarehe. Kisha barua iliingia kwenye kopo la biskuti. Alikuwa pia mtu wa maji. Aliwahi kusikia redioni kwamba maji yanasafisha mwili, na tangu siku hiyo alikunywa bilauri mbili kubwa kila asubuhi kabla ya kumsalimia yeyote. Mumewe alimtania kwamba ameoa samaki.

Ukurasa wa kumi na saba wa kitabu hicho ulisema hivi: Chujio hutupa vipimo vilivyoruka. Kama vipimo vyako havina sababu ya kuruka, usikubali vitupwe. Ongeza neno *vyote* mwishoni mwa amri, navyo vitahesabiwa.

Hapo mwanzo hata asiye na kitabu aliambiwa. Chujio iliandika kwenye skrini, "Vipimo viwili vimetupwa," au vitatu, au vyovyote. Lakini ulikuja mwaka ambao barua zilikauka. Alikuwa akiikuta Chujio kila mahali, kwa wapima udongo, kwa wapima mbegu, kwenye ofisi ambazo hajawahi kukanyaga, na hakuna aliyemwandikia hata salamu. Inaniuma, alimwambia mkewe, na kweli ilimuuma. Basi akaiandika upya nakala ya bure na kuuondoa mstari ule. Anayetaka kujua chujio limezuia nini, na aandike barua. Hakumwibia mtu. Alificha mstari mmoja tu, kwa kinyongo cha siku moja, akaenda kula, akasahau. Barua zikaongezeka kidogo, hadi zikafika sitini na tatu, zikaishia hapo.

Akastaafu. Mkewe akaugua figo, akaugua miaka mitatu, akafa. Miaka minne ilikuwa imepita tangu msiba, na Bwana Chujio alikuwa amejifunza kupika vitu viwili na kuchoka navyo vyote, siku mwanamke mmoja alipopiga hodi asubuhi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Pita. Mbona umekonda hivyo?"

Alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa ndiye mpimaji wa maji wa idara ya maji ya mji. Alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

"Nimesimamishwa kazi, Mwalimu. Habari za watoto umezisikia?"

Nani hakuzisikia? Watoto wa mitaa ya chini, mtaa wa Bwana Chujio ukiwa mmojawapo, walikuwa wamekutwa na madini ya risasi kwenye damu. Wengine walitetemeka mikono, wengine walifika darasa la tatu bila kushika herufi, na walimu walikuwa wamewaita wavivu. Wapimaji walitoka mbali na mashine zao, wakaufuata mfereji wa maji ya mji hadi karakana ya kuyeyusha betri kuukuu. Karakana ilikuwa ikimwaga uchafu wake mara mbili kwa siku, alfajiri na wakati wa kufunga kazi, kisha siku nzima maji yanatiririka masafi.

"Mashine yetu inapima kila saa," mpimaji alisema. "Vipimo ishirini na vinne kwa siku kwa kila bomba, na mabomba ni arobaini. Nani atazisoma namba zote hizo kwa macho? Naandika amri, Chujio inapiga hesabu, napeleka ripoti. Miaka kumi na moja, kila ripoti inasema maji ni salama. Sasa kamati ya uchunguzi imefungua mafaili ya mashine, na risasi imo humo, tele. Wanasema mimi ndiye niliyeitoa kwenye ripoti. Wanasema nimehongwa na wenye karakana."

"Na wewe hukuziona hizo namba?"

"Niliziona, Mwalimu, tena si mara moja. Namba mbili kubwa, katikati ya ndogo. Nikasema, basi Chujio imeshazipigia hesabu, na bado wastani uko chini ya kikomo. Ulitufundisha mwenyewe tusibishane na hesabu."

Bwana Chujio aliinua kikombe chake, akakuta kitupu, akakirudisha mezani.

"Kamati inakaa Alhamisi," mpimaji akaendelea. "Nimewaandikia amri mbele yao, jibu likaja lilelile, nne na nusu. Wakasema nimeichezea programu. Nakuomba uje tu, uwaambie hii ni Chujio yako, sijaigusa. Nina mama nyumbani, nina mtoto wa darasa la pili. Wakinikuta na hatia, haishii kwenye kazi, ni mahakamani."

"Nitakuja."

Mpimaji alisimama kuaga, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Nilipoanza kazi nilikuandikia barua kuomba kitabu. Hakikufika. Nikasema posta wameshakila."

"Posta," alisema Bwana Chujio.

Mpimaji alikuwa ameacha faili la bomba moja, la siku moja. Bwana Chujio aliwasha kompyuta yake kuukuu, iliyochukua muda kuamka kama mwenyewe. Akaandika amri. Jibu: nne na nusu, na kikomo ni kumi, maji safi. Kisha akaiandika tena ile amri, akaongeza neno la ukurasa wa kumi na saba. Jibu: ishirini na robo tatu.

Kwenye maabara yake, namba iliyoruka ilikuwa pampu. Kwenye bomba, namba iliyoruka ilikuwa sumu, na yeye aliitengeneza Chujio kwa ajili ya pampu. Alijua hivyo tangu zamani. Ndiyo maana aliuandika ule ukurasa.

Akaliteremsha kopo la biskuti kutoka juu ya kabati. Barua ya mpimaji haikumpa taabu kuipata, kwa sababu ndiyo ya sitini na tatu, ya mwisho, iliyolala juu ya zote. Mwandiko wa binti aliyetoka kupata kazi, herufi zimesimama wima kama askari. *Mwalimu wangu mpendwa, tumeanza kutumia Chujio kupima maji ya mji. Inatusaidia sana. Naomba kitabu, nisije nikakosea.* Akaigeuza. Nyuma, kwa penseli ya kijani, mkewe hakuwa ameandika "Kimetumwa". Aliandika: "Bado. Nimkumbushe."

Na alimkumbusha, masikini. Alimkumbusha akipiga pasi, alimkumbusha akiosha vyombo. Kile kitabu cha binti umekituma? Kesho. Mashine ya kunakilia ya chuo ilikuwa imeharibika. Kisha ilitengenezwa, lakini pini zilikuwa zimekwisha. Kisha pini zikanunuliwa, ila kufikia hapo zilikuwa zimetoka programu mpya za rangi na madoido, na Bwana Chujio alijisikia mtu wa zamani. Akajiambia hakuna tena anayeihitaji skrini yake nyeusi, huyo binti atakuwa keshapata kitu cha kisasa. Kesho yako ina wajukuu, mkewe alimwambia siku moja, na hakusema tena. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walisema, na safari hii matumbo yalikuwa ya watu wengine.

Bwana Chujio alilia. Hakulia kwa heshima, kamasi zilimtoka.

Jumatano mchana bintiye alipita akitoka kazini. Alikuwa muuguzi wa hospitali kuu, mtu wa maneno machache na viatu vyeupe. Baba yake alimweleza yote, hadi mstari aliouondoa, hadi barua. Binti aliisoma mbele, akaigeuza, akautazama mwandiko wa mama yake muda mrefu. Kisha akaiweka mezani kwa upole.

"Baba, sikiliza. Nenda, useme ukweli. Lakini ukweli una vyumba, si lazima ufungue vyote. Sema Chujio hutupa vipimo vilivyoruka, na kitabu kilieleza. Chukua kopo lako, waonyeshe barua, waone kila aliyeomba alipata. Asiye na kitabu, shauri yake. Hapo umemtetea: hakufuta kitu, hakuhongwa."

"Watamwuliza kwa nini hakuwa na kitabu."

"Watamkaripia kwa uzembe, watampunguza cheo. Si jela." Akashusha pumzi. "Wewe una nini kingine, Baba? Umebakiwa na jina tu."

"Risasi inaharibu figo," alisema Bwana Chujio. "Nimesoma."

"Hapana."

"Bilauri mbili kila asubuhi. Wewe ni muuguzi, nijibu."

"Inaharibu na figo, ndiyo. Na presha inaharibu, na sukari inaharibu, na Mama alikuwa na presha. Hakuna atakayejua." Muuguzi alikuwa amesimama sasa, mkono kwenye kitasa cha mlango. "Usianze, Baba. Tafadhali. Mimi ndiye niliyekuwa nikimjazia zile bilauri."

Alhamisi alivaa koti la kustaafia. Barua ya sitini na tatu aliitoa kwenye kopo, akajaribu kuichana, vidole vikakataa. Akaitia mfuko wa ndani wa koti.

Kamati ilikaa ghorofa ya tatu ya jengo la idara, kwenye chumba chenye meza ndefu na feni iliyolalamika kila ilipozunguka. Watu walikuwa watano upande mmoja, mwenyekiti wao akiwa mwanasheria mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Mpimaji alikaa peke yake upande wa pili. Alipomwona Mwalimu wake akiingia anahema kwa ngazi, alinyanyuka, akampokea kopo, akamvutia kiti.

Bwana Chujio alieleza vizuri. Aliandika amri bila neno la mwisho, akaandika tena na neno la mwisho, na watu watano wakainama kuitazama skrini, nne na nusu na ishirini na robo tatu. Alisema programu ni yake na haijaguswa. Alisema kuhusu pampu. Alisema kuhusu kitabu, akafungua kopo, akawaonyesha barua moja baada ya nyingine na zile tarehe za kijani. Mpimaji alikuwa akimtazama mdomo wazi kidogo. Nusu uso wake umefunguka kwa nafuu, nusu nyingine inaanza kuelewa ni nini kilichokuwa kikitupwa miaka kumi na moja.

"Kwa hiyo kila aliyeomba kitabu alikipata," mwenyekiti alisema.

Bwana Chujio aliitikia kwa kichwa. Kichwa chenyewe kiliinama, hakukisukuma. Ndivyo alivyojiambia.

Mwenyekiti akavaa miwani na kumgeukia mpimaji. "Basi mama, hukufuta vipimo, hilo nimekubali. Lakini umetumia kitu cha bure kupima maji ya watu elfu sitini, na hukujishughulisha kuomba maelezo yake. Watoto wa watu wamelemaa kwa sababu ya uvivu wa kuandika barua moja. Unafikiri huo si uhalifu?"

"Niliandika, mheshimiwa."

"Nakala iko wapi?"

"Sikuweka nakala. Lakini niliandika."

"Kila mtu anaandika, mama, tukishafika hapa."

Mpimaji alimgeukia Mwalimu wake, si kwa kumshitaki, bali kama mwanafunzi aliyesahau jibu na kuamini mwalimu atamdokeza.

Bwana Chujio aliingiza mkono mfukoni. Baadaye hakuweza kusema ni nini kilichomsukuma. Si ushujaa. Alisema, "Aliandika," akaisukuma barua hadi upande wa pili. Kisha, kwa kuwa mlango ulikuwa umekwisha funguka, akasema na ule mstari alioufuta kwenye nakala za bure, na sababu yake. Kinyongo, alisema. Hakutafuta neno zuri zaidi.

Mwenyekiti aliisoma barua kwa sauti, hadi pale panaposema nisije nikakosea. Akaigeuza.

"'Bado. Nimkumbushe.' Huyu ni nani?"

"Mke wangu."

"Tunaweza kumwita?"

"Hapana. Amefariki."

"Pole. Alikuwa akiumwa nini?"

Bwana Chujio aliitazama feni. "Figo," alisema. "Tunakaa mtaa wa chini. Bomba la kumi na tisa."

Karani wa kamati aliacha kuandika. Hakuna aliyemwambia aendelee.

Mpimaji aliondolewa lawama siku hiyohiyo kwa maneno, na kwa barua wiki iliyofuata. Bwana Chujio aliambiwa ataitwa tena, asisafiri. Hakuwa na pa kusafiri. Bintiye, alipopata habari, hakumlaumu. Alikuja na dumu la maji ya kununua, akalitua jikoni, akaondoka bila kukaa.

Lakini hayo ni ya baadaye. Alhamisi ile, kikao kilipovunjika, Bwana Chujio alisimama juu ya ngazi na kopo lake, akiogopa kuteremka. Mpimaji alitoka nyuma yake. Bila neno akampokea kopo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamshika kiwiko, wakashuka taratibu, ghorofa tatu, akimsubiri kila alipopumzisha magoti.

Walipofika chini mpimaji alisema, "Mwalimu, barua yangu ilichukua muda gani kukufikia?"

Angeweza kusema mwezi, au miezi.

"Siku nne."

Mpimaji alitikisa kichwa polepole, kama anayepiga hesabu. Miaka kumi na moja, mabomba arobaini. Mtoto wake mwenyewe, wa darasa la pili, alikuwa mmoja wa wale ambao walimu waliwaita wavivu. Hilo hakuwa amelisema popote, na alilisema sasa, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja saa. Kisha akamkabidhi kopo kwa mikono miwili, kama anavyopewa mkubwa, akaenda zake bila kumuaga.